Kibuyu cha kioo na duara la elektroni: nasema baada ya miezi saba

Kwa wenye haraka: hiki kifaa cha maabara cha kuonyesha elektroni zikizunguka duara ndani ya uga sumaku, kinunueni, ila nendeni dukani na multimita (kipimo cha umeme) mkononi. Wenye nafasi wavute kiti, maana nina ya kusema.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita huku Njombe, mwaka wa kumi na tatu sasa. Mada ya chembe zenye chaji, kama elektroni, ndani ya uga sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, nilishaifundisha mara kumi na mbili kwa chaki, na mara zote nilitoka darasani nikijiona kama mtu aliyehadithia utamu wa embe kwa watoto ambao hawajawahi kulionja. Unachora misalaba midogo kuonyesha kwamba uga unaingia ndani ya ubao. Unachora mshale wa kasi, mshale wa nguvu, duara. Darasa zima linanyoosha vidole vitatu vya mkono wa kushoto na kupinda viwiko hadi wengine wanagongana. Wanakariri kwamba nguvu ni uga mara chaji mara kasi, wanaingia kwenye mtihani, wanafaulu. Kisha mwite yule aliyepata A umuulize: elektroni ikishaingia kwenye uga sumaku, mwendo wake unaongezeka au hauongezeki? Atakwambia unaongezeka, kwa sababu kuna nguvu inaisukuma. Tena atakwambia bila kupepesa macho.

Basi nilipokwenda kununua kifaa hiki nilikuwa na swali moja la kukihukumu nalo: je, kitamng'oa mtoto huyo kwenye imani hiyo? Urembo wa boksi na wingi wa swichi havikunihusu.

Fedha zilitoka kwa kamati ya wazazi. Tuliomba milioni tatu tukapewa mbili, nazo mkuu wa shule alinikabidhi kwa uso wa mtu anayekukabidhi kichanga chake ukiwa na mafua. Duka liko Kariakoo, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, ndani kumejaa mifupa ya plastiki na hadubini. Jina silitaji, na mtaona kwa nini. Bei ya kwanza ilikuwa milioni mbili na laki mbili, tukashushana mpaka milioni moja, laki nane na hamsini, risiti ya mashine ikiwemo.

Kijana wa kaunta alikuwa na maneno matamu.

"Mama, hii ndiyo wanayotumia vyuo vikuu."

"Sawa baba, naomba uiwashe niione."

"Hii haiwashwi dukani mama. Gesi yake itaisha."

Nilipaswa kugeuka na kushuka ngazi palepale. Gesi iliyofungiwa ndani ya kioo haiishi kwa kuwashwa dakika tano, na mimi nalijua hilo kuliko yeye. Lakini basi la kurudi lilikuwa alfajiri, na fedha za wazazi zilikuwa zinaniwasha kwenye mkoba. Nikalipa. Kosa la kwanza ni langu.

Boksi la koili liliingia kwenye buti pale stendi ya Mbezi. Kibuyu nilikipakata. Nakiita kibuyu kwa sababu ndivyo kilivyo: globu kubwa ya kioo, tumbo la mviringo, shingo ndefu. Konda aliuliza kama hicho nacho kinalipa nauli, nikamwambia kimekaa juu yangu, siti hakijachukua. Tulipofika Mikumi dada aliyekaa pembeni yangu uvumilivu ukamwishia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni dawa za kienyeji. Nikamjibu ndiyo, inatibu vichwa vigumu. Kwenye kona za Kitonga nilikikumbatia kama mwanangu, na kona hizo nitazirudia.

Sasa kifaa chenyewe. Kuna koili mbili za waya wa shaba, kila moja ina mizunguko 130 na nusu kipenyo cha sentimita 15, zimesimama zikitazamana kwa umbali huohuo wa sentimita 15. Mpangilio huo wa umbali kuwa sawa na nusu kipenyo ndio unaoitwa koili za Helmholtz, kwa jina la Mjerumani Hermann von Helmholtz, na uzuri wake ni kwamba eneo la katikati linapata uga ulio sawasawa, haupungui ovyo ukisogea pembeni. Nilipima kwa rula nikapata sentimita 15.1. Hapo nawapa heko. Kila ampea moja unayopitisha kwenye koili hizi inakupa uga wa militesla 0.78 katikati (tesla ndicho kipimo cha ukubwa wa uga sumaku), na katikati hapo ndipo kibuyu kinapokaa.

Shingoni mwa kibuyu kuna bunduki ya elektroni. Waya mdogo unapashwa moto kwa volti 6.3 mpaka elektroni zinachomoka, na mbele yake kuna bamba lenye tundu, lenye volti kati ya 150 na 300, linalozivuta na kuzirusha. Tumboni hewa imenyonywa, ikabakizwa heliamu kidogo sana. Heliamu hiyo ndiyo siri ya biashara nzima. Elektroni huioni. Ila inapoigonga atomi ya heliamu, atomi inatoa mwanga wa kijani cha kuelekea bluu, na ukifuata mwanga huo unaiona njia yote ya elektroni, kama unavyojua pikipiki imepita wapi kwa vumbi lililobaki hewani.

Tulikiwasha Jumatano usiku, saa ya prepo. Madirisha ya maabara tuliyaziba kwa mablanketi ya bweni la wavulana, na harufu yake ni habari nyingine. Wanafunzi 42, wengine juu ya stuli. Waya ulichukua kama dakika mbili kupata moto. Nikapandisha volti: 100, hakuna kitu. 150, kitu kama uzi wa buibui. 200, na mstari ukasimama pale, umenyooka, mwembamba, kijani, kutoka kwenye bunduki hadi ukutani mwa kioo. Wakaguna kidogo tu. Hawa ni watoto wa simu janja, mstari wa mwanga hauwashangazi.

Nikaanza kuzungusha swichi ya mkondo wa koili, polepole.

Mstari ukaanza kupinda. Mwanzo kama fimbo ya mvuvi samaki akivuta, halafu kama ndoano, ncha yake ikawa inatambaa kwenye kioo kama mdudu anayetafuta mlango. Nilipofika ampea moja na nusu, ncha ikaachana na kioo, ikazunguka, ikarudi mgongoni mwa bunduki ilikotoka. Duara. Duara kamili la mwanga, linaning'inia hewani, halijaguswa na kitu.

Kelele zilizopigwa zilimtoa mlinzi getini.

"Madamu, rudisha!" Nikashusha mkondo, duara likafunguka. Nikapandisha, likafunga. Nilifanya hivyo pengine mara kumi na tano, na sikuchoka.

Kisha nikamwita mtoto wangu wa A, nikamuuliza swali lile. Akasema mwendo unaongezeka. Nikamwambia, sawa, tuongeze mwendo makusudi tuone. Nikaacha koili kama zilivyo, nikapandisha volti za bunduki kutoka 200 kwenda 300. Duara likatanuka mbele ya macho yao. "Kwa hiyo elektroni yenye mwendo mkubwa inazunguka duara gani?" Kubwa. "Na kama ingekuwa inaongeza mwendo humohumo njiani, kila ikizunguka?" Kimya. Akakunja uso. Msichana mmoja nyuma akasema: "Ingekuwa kama dawa ya mbu." Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kujizungusha, inayoanza katikati na kutanuka. Nusu ya darasa wakaligeukia tena lile duara. Halikuwa dawa ya mbu. Lilikuwa limejifunga pale lilipoanzia.

Kwa jibu la msichana huyo peke yake, mimi nimesharudishiwa milioni moja na laki tano.

Nikawarudisha Kitonga, kila mmoja wao amepita pale. Basi likikata kona, abiria wote mnalalia upande mmoja, kuna nguvu kubwa kutoka barabarani inayosukuma matairi ubavuni, na bado sindano ya spidi haipandi kwa sababu ya kona. Nguvu ya ubavuni inageuza pua ya gari, haiongezi mwendo. Uga sumaku unaifanyia elektroni jambo hilohilo muda wote: unaisukuma ubavuni tu, pembe mraba na inakoelekea. Inageuka, na nguvu nayo inageuka pamoja nayo, haiachi kuwa ubavuni. Kwa volti 200 elektroni hizi zinakwenda kilomita kama 8,400 kwa sekunde. Njombe hadi Dar ni kama kilomita 700. Njia iliyonimaliza kutwa nzima na kibuyu mapajani, elektroni ingeipita mara kumi na mbili kwa sekunde moja, na uga ule ambao umeikunja ikatosha ndani ya globu haujaiongezea hata kilomita moja.

Akatokea mmoja akauliza: "Mbona haichoki?" Nikamwambia inachoka kidogo, na uchovu wake ndio huo mwanga unaouona. Kila inapoigonga heliamu inaacha nishati yake kiasi. Ndiyo sababu upana wa mstari una utata, na mkipima kipenyo pimeni kwenye ukingo wa nje, ziliko zile elektroni ambazo hazijagongana sana na heliamu. Nyuma ya globu kuna skeli yenye kioo cha kujitazama. Sogeza kichwa mpaka mstari uifunike taswira yake mwenyewe, ndipo usome. Skeli hiyo ni kitu cha maana sana na wameitengeneza vizuri.

Hadi hapo nilikuwa na furaha. Alhamisi tukaanza vipimo.

Lengo ni kupata uwiano wa chaji ya elektroni kwa uzito wake. Unachukua mara mbili ya volti, unagawanya kwa mraba wa uga mara mraba wa nusu kipenyo cha duara. Dunia nzima inapata kulomu (kipimo cha chaji) bilioni 176 kwa kilogramu. Sisi tukaweka volti 200, ampea 1.50, tukapima kipenyo sentimita 7.5. Jibu: bilioni 208. Tukarudia. 208. Tukabadili volti, tukabadilisha wapimaji, nikawafukuza wanafunzi nikapima mwenyewe peke yangu saa tano usiku. 208 na ushee. Zidio la asilimia 18, ambalo kwa mwanafunzi ningeliwekea alama ya kalamu nyekundu bila huruma.

Siku tatu nililala na hesabu hiyo. Nilishuku skeli, nikashuku volti, nikashuku koili zina mizunguko pungufu, nikafikia hatua ya kushuku macho yangu. Ni fundi maabara wetu, mzee wa maneno machache, aliyeniambia: "Mwalimu, hiyo mita ya ampea umeiuliza nani kama ni mkweli?" Tukaingiza multimita ya shule kwenye mkondo wa koili. Mita ya kifaa inasema 1.50. Multimita inasema 1.62.

Mkondo unaingia kwenye hesabu kwa mraba, kwa hiyo uongo mdogo unazaa mkubwa. Kwa ampea 1.62 uga ni militesla 1.26, na jibu letu lilelile la sentimita 7.5 likageuka kuwa bilioni 178. Nilimkumbatia mzee wa watu, akaona haya.

Nikapiga simu dukani. Kijana yuleyule: "Mama, mashine zote ziko hivyo." Nikamwambia kama zote ziko hivyo basi vyuo vikuu vyote nchini vinapata 208, na ningependa anitajie kimoja. Mita mpya ilikuja baada ya wiki tisa, imefungwa kwenye gazeti, imeletwa na basi, na usafirishaji nililipa mimi. Inasoma sawasawa. Kwa huduma hiyo nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya gazeti, lilikuwa na habari nzuri za kilimo cha parachichi.

Kuna usumbufu mwingine ambao si kosa la mtu. Dunia yenyewe ni sumaku, na uga wake huku kwetu ni kama mikrotesla 30 hivi. Wa koili zetu ni mkubwa mara arobaini, lakini asilimia mbili na nusu nayo si bure, hasa ikishaingia kwenye mraba. Kitabu cha maelekezo hakigusi jambo hili kabisa. Chukueni dira, tafuteni kaskazini, halafu geuzeni meza mpaka mstari unaopita katikati ya koili zote mbili uelekee mashariki na magharibi. Hapo uga wa dunia hauongezi wala haupunguzi ule wa koili. Sisi tulikuwa tumeiweka meza kaskazini na kusini kwa sababu tu soketi ya umeme iko ukuta ule. Na ondoeni spika, simu na zile stuli za chuma. Tulikuwa na stuli moja iliyokuwa inavuta duara kila mtu aliyekaa juu yake akijisogeza, na mwenye stuli ndiye aliyekuwa akilalamika kuliko wote.

Kitu ambacho sikukitegemea kwa bei hii ni soketi ya kibuyu kuzunguka. Unakishika kibuyu shingoni, unakigeuza taratibu, na bunduki inaacha kuelekea pembe mraba na uga. Duara linanyumbuka na kuwa springi. Sehemu ya mwendo iliyo ubavuni mwa uga inaendelea kuzunguka, sehemu inayofuatana na uga inasonga mbele tu bila kuguswa, na zote mbili kwa pamoja zinafanya kizibuo kizuri cha kijani. Ukikigeuza hadi bunduki ielekee moja kwa moja kwenye mstari wa uga, uga haupindi kitu. Mstari unanyooka tena huku koili zikiwa zimewaka. Miaka kumi na mbili nimeandika ubaoni kwamba nguvu inafuata sine ya pembe kati ya mwendo na uga. Sasa nawaambia geuzeni kibuyu.

Upungufu mwingine niupitie upesi. Koili zinapata moto: ukizidi ampea 2 usikae zaidi ya dakika chache, na onyo hilo limeandikwa ukurasa wa mwisho, baada ya orodha ya bidhaa zao nyingine. Plagi ilikuwa ya pini mbili nyembamba, tukaikata. Fyuzi ya akiba hamna. Umeme ukikatika ghafla na kurudi kwa kishindo, waya wa ndani ndio utakaoumia, kwa hiyo stabilaiza ni lazima, laki moja na kitu nyingine. Na boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hiki ndicho kifaa cha J. J. Thomson, mwanafizikia aliyegundua elektroni. Sicho. Thomson, kule Cambridge mwaka 1897, alizipitisha chembe zake kati ya mabamba yenye umeme na ndani ya uga sumaku, akavisawazisha viwili hivyo mpaka mstari ukanyooka, akapata kasi kutokana na hapo. Duara hili ni njia nyingine ya kufikia uwiano uleule. Kibuyu kina mabamba hayo mawili madogo mbele ya bunduki, na yanapinda mstari vizuri tu, ila mwalimu mpya akisoma boksi atawapotosha watoto historia.

Mtaniuliza: kwa nini usitumie runinga ya chogo na sumaku ya spika, bure? Nilitumia, miaka sita. Runinga ya chogo kweli ni bunduki ya elektroni inayopindwa na koili; picha yote unayoiona imechorwa na uga sumaku unaoipeleka miale kushoto, kulia, juu, chini. Ukisogeza sumaku, picha inavutwa, watoto wanacheka. Lakini wanachoona ni picha kuharibika. Njia ya elektroni hawaioni, pembe mraba hawaioni. Na kwenye runinga ya rangi kuna bati jembamba lenye matundu nyuma ya kioo, likishapata usumaku halitaki kuuachia. Mimi nilimwachia mtangazaji wa taarifa ya habari doa la zambarau shavuni kwa siku nne, mama yangu mzazi akawa anamwonea huruma mtu wa watu. Runinga ina koili ya kuondoa usumaku, ile inayonguruma mara moja unapowasha, ila doa langu lilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Na jamani, msiifungue nyuma. Mule ndani mna maelfu ya volti ambayo hubaki hata ukishachomoa plagi.

Jambo la mwisho kuhusu darasa. Wiki ya pili yule yule aliyeuliza kuhusu kuchoka alikuja na daftari. Alitaka kujua badala ya elektroni tungeweka protoni, kwa volti zilezile na uga uleule, ingekuwaje. Nikamwambia piga. Protoni ni nzito mara 1,836, na nusu kipenyo kinakua kwa kipeuo cha pili cha uzito, yaani mara karibu 43. Sentimita 3.75 zetu zinakuwa mita 1.6. Akachukua kamba na chaki, akalichora duara hilo sakafuni pa maabara, likapita chini ya meza mbili na kukaribia mlango, kisha akaweka mshale upande wa kinyume na wa elektroni, kwa kuwa chaji yake ni chanya. Akasimama katikati, akaitazama globu, akaitazama sakafu. "Kwa hiyo wanaozungusha protoni wanahitaji sumaku kubwa sana." Nikamweleza kuhusu mashine ya kwanza ya kuzungusha chembe ya mwanafizikia Ernest Lawrence kule Berkeley, Marekani, mwaka 1931, iliyokuwa na upana wa sentimita 11 tu, na ile ya leo ya CERN, maabara ya utafiti wa chembe kule Ulaya, duara la kilomita 27 lenye sumaku za tesla zaidi ya 8. Aliuliza kama zote zinatumia kanuni ya hiki kibuyu. Zote. Uga unageuza; kusukuma kunafanywa na umeme.

Kwa nani, basi. Shule ya kidato cha tano na sita yenye chumba kinachoweza kutiwa giza na mtu mmoja asiyeogopa kufungua skrubu: nunueni. Shule ya kidato cha nne na kushuka: subirini, nunueni kwanza waya, dira na betri. Mwenye bajeti ya kifaa tu bila ziada ya stabilaiza na multimita: atanunua hasira. Kifaa nakipa nyota nne kati ya tano, ya tano imekufa na ile mita.

Kinachoninyima usingizi ni globu yenyewe. Waya wa ndani una maisha yake, na globu mpya peke yake duka linataka laki saba na nusu. Kwa hiyo sasa tunawasha kwa dakika kumi kumi, tunazima. Tumeanza pia kuchangishana kwa ajili ya globu ya akiba. Mpaka Ijumaa iliyopita tulikuwa na laki mbili na elfu arobaini, na elfu kumi kati ya hizo zimetoka kwa mwalimu wa historia, aliyepita usiku mmoja kuazima kiberiti na sasa anakuja kila Jumatano.